Kabla Hujaipangia Kinanda Haleluya ya Handel

Mwanangu, nasikia kwaya imekukabidhi Haleluya ya Handel uipange kwa sauti nne na kinanda, iimbwe Pasaka. Hongera. Sasa usikimbilie kuandika. Tafuta kwanza nota kamili za okestra uone kila chombo kinafanya kazi gani.

Watakaokuambia kuigusa kazi ya Handel ni kufuru, waache waseme. Mwaka 1789 Mozart aliipanga upya Messiah, kazi nzima yenye hiyo Haleluya, akaongeza filimbi na klarineti ambazo Handel hakuziandika. Na Handel mwenyewe? Kwaya ya kuzaliwa kwa mtoto, humohumo ndani ya Messiah, aliitoa kwenye wimbo wake wa Kiitaliano wa sauti mbili, wa mwaka uleule wa Messiah, 1741, nao ulihusu mapenzi.

Utakaposumbuka ni kwenye vayolini. Hurudiarudia noti upesi, na upinde ndio unaozipa uhai. Ukizihamishia kwenye kinanda zilivyo, kitagonga kama cherehani. Shikilia noti za mkono wa kulia, uache sauti moja tu ya kati itembee.

Pedali nazo zisikanyagwe mwanzo hadi mwisho. Bomba la futi 16 hulia oktava moja chini ya noti iliyoandikwa. Likinguruma muda wote litawameza besi wako. Pale besi wanapoanzisha sehemu ya kutawala milele, wakifuatwa na tena, kisha alto, miguu ikae pembeni. Soprano wakiingia, ndipo ikanyage. Sauti ya tarumbeta nayo iwekwe akiba mpaka soprano waanze kupanda kwa zile noti ndefu, ngazi kwa ngazi. Mkiwa na kinanda cha umeme kisicho na pedali, mkono wa kushoto ubebe besi tu, usiujazie mengine.

Waimbaji wa tena najua mnao wachache, na mmoja wao hufika mazoezi yakikaribia kwisha. Usiwatungie sauti nyepesi. Wape alto wawili wenye sauti nzito wawasaidie noti za juu, na kinanda kiwaguse pale wanapoingia.

Kushusha kutoka D sikukatazi. A ya uma wa sauti wa Handel ilikuwa mitetemo 422.5 kwa sekunde, ya leo ni 440; kwa hiyo hata D yake ilikuwa chini ya hii yetu. Nusu hatua inatosha. Ukishuka zaidi, besi wataanza kunung'unika badala ya kuimba.

Ule ukimya kabla ya Haleluya ya mwisho, uandike kwa kalamu nyekundu: mikono na miguu juu, pamoja na kwaya. Wapiga kinanda wana ugonjwa wa kujaza kila mwanya.

Nakala zitoke mapema, solfa kwa waimbaji na nota kwa mpiga kinanda. Kila sehemu iwe na herufi yake, ileile kwenye nakala zote mbili, la sivyo mtamaliza jioni nzima mkiulizana mmefika wapi.