Mbwa wa Jirani

Usiku wa mvua Kyimo hauna ugomvi wa mbwa. Sehemu za wilaya hii ya Rungwe, mkoani Mbeya, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mvua ikishaanza kupiga bati, hata mtoto akilia chumba cha pili humsikii. Ugomvi huja Juni na Julai, mvua zimekatika, baridi imeteremka kutoka mlimani, na usiku umetulia kiasi kwamba ng'ombe akicheua bandani unamsikia. Hapo mbwa mmoja akianza kubweka saa saba, sauti yake huvuka migomba yote na kuingia kitandani kwako. Unageuka, anabweka. Unajifunika blanketi kichwani, anabweka. Asubuhi unatoka na hasira iliyoiva, na jirani anapita njiani na ndoo ya maziwa, anakusalimu kwa uchangamfu kama mtu asiye na kosa lolote.

Ndugu msomaji, lishike hilo la mwisho. Anakusalimu hivyo kwa sababu, kwa kadiri ajuavyo yeye, kosa hana. Mwenye mbwa huizoea sauti ya mbwa wake kama mwenye kinu anavyozoea mngurumo wa mashine. Tena mbwa wengi hulia zaidi mwenyewe akiwa hayupo. Mimi nimefuga mbwa miaka mingi. Jirani yangu mmoja, mama mwenye mtoto mchanga, alikesha miezi mitatu kwa ajili ya mbwa wangu, ambaye kila niliposafiri alilia usiku kucha, na niliporudi alinyamaza. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia mapema, alijibu kwamba aliogopa nisije nikamwona mgomvi. Jibu lile liliniuma kuliko kama angenitukana.

Wazee wa Kinyakyusa wa hapa kwetu walijua kwa undani ubaya wa kunyamaza hivi. Godfrey na Monica Wilson, wanaanthropolojia waliokaa Unyakyusa kati ya 1934 na 1938, waliandika jinsi vijana wa rika moja walivyojenga kijiji chao wenyewe, wakaoa na kuzeeka humo pamoja. Jirani yako alikuwa yule yule uliyechunga naye ng'ombe utotoni. Fadhila kubwa ya maisha hayo iliitwa ukwangala: kukaa pamoja, kula pamoja, kuzungumza kwa staha. Na mtu akivunja adabu, iliaminika kwamba manung'uniko ya majirani humwangukia kama baridi, akaugua. Hiyo ndiyo waliyoiita pumzi ya watu. Si lazima uamini ugonjwa huo ili uuone ukweli wake. Neno linalonong'onwa kisimani, kilabuni na kwenye kibanda cha chai, bila kumfikia mwenyewe, hupoza mji mzima. Na dawa yao ilikuwa nini? Katika matambiko ya ukoo, waliokosana walitakiwa kuitoa hasira yao kwa kinywa kabla ya kupatana. Hasira iliyofichwa haikuhesabiwa kuwa imekwisha.

Siku hizi majirani hatuchaguani. Kiwanja kando ya barabara kuu iendayo Tukuyu, Kyela na mpakani Kasumulu anaweza kukinunua mwalimu aliyetoka mkoa mwingine, mnunuzi wa parachichi, au dereva anayelala nyumbani siku mbili kwa juma. Hatukukua pamoja. Kwa hiyo adabu ambayo rika lilikuwa nayo bila kufundishana, sisi inabidi tuitafute kwa makusudi.

Anza kwa kuwa na hakika. Sauti ya usiku bondeni hudanganya, na mbwa mmoja akibweka wa pili humjibu. Amka siku mbili tatu, tazama ni yupi anayeanza, saa ngapi, na kuna nini saa hiyo. Pengine ni bodaboda anayepita kila usiku wa manane, na mbwa anafanya kazi yake tu.

Kisha nenda mwenyewe, na uende mchana. Mtu aliyegongewa mlango saa nane usiku hufungua akiwa na panga mkononi, na mazungumzo yaliyoanzia kwenye panga ni magumu kuyarudisha kwenye kigoda. Usimtume mtoto. Usisimame barabarani ukapaza sauti ili wapita njia wasikie. Ikiwa mwenye mbwa amekuzidi umri, mwamkie kama inavyostahili, uketi ukikaribishwa. Mama anayeona shida kumkabili mwanamume wa mji wa pili apitie kwa mkewe, na mara nyingi hiyo ndiyo njia fupi. Salamu isikimbizwe. Hapa kwetu mtu akiambiwa ugonile hujibu na kuuliza pia habari za watoto na za mifugo, na jambo lako litafika tu.

Likifika, chunga maneno. Katika Kiswahili neno mbwa ni tusi zito likitamkwa karibu na jina la mtu. Ukisema, “Mfunge mbwa wako,” umeshamvua nguo mbele ya watoto wake hata kama hukukusudia. Afadhali useme, “Baba, nimekuja kwa jambo dogo la ujirani. Juzi na jana mbwa alilia sana kuanzia saa saba mpaka karibu na alfajiri. Nikasema nije nikuulize, pengine kuna kitu kinamsumbua, au kuna watu wanapita shambani.” Umesema ukweli wote, na umemwachia mwenzako nafasi ya kuwa mtu mwema. Yaache ya mwaka juzi, ya mpaka na ya mbuzi wake waliokula mahindi yako. Shauri moja kwa ziara moja.

Na wewe mwenye mbwa, ukifuatwa na jirani, usijibu kwamba mbwa ni wa kubweka. Hilo analijua. Mshukuru kwamba alikuja kwako kabla ya kwenda kwa watu wengine, kisha kesho yake mtazame mnyama wako kwa jicho la mgeni. Wengi wetu hufunga mbwa kwa mnyororo mfupi asubuhi mpaka usiku, tukiamini hilo humfanya awe mkali. Linamfanya ateseke. Mbwa aliyefungwa mahali pamoja, mwenye njaa, asiye na maji, anayelowa na kupigwa baridi ya Rungwe bila banda lenye paa, hubweka kwa sababu hana jambo jingine analoweza kufanya. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama bila sababu, lakini hata bila sheria, moyo wako ungetosha. Mlishe jioni badala ya asubuhi, ili alale ameshiba. Hamisha banda kutoka upande wa dirisha la jirani, likae karibu na zizi unalotaka lilindwe. Kama ua wako umefungwa vizuri, mfungue usiku atembee. Kama kutoka bandani anaona njia ya watu, zungusha mabanzi au michongoma asiwaone. Ukisafiri, mwachie mtu anayemjua, anayeweza kumsemesha. Akiendelea kulia licha ya hayo, mwite ofisa mifugo, huenda anaumwa. Na umchanje dhidi ya kichaa cha mbwa. Tarehe 28 Septemba ya kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na inafaa ikukumbushe kutazama cheti chake cha chanjo. Jirani aliyekosa usingizi hapaswi kuongezewa hofu ya kung'atwa.

Ikishindikana mara ya kwanza, rudi mara ya pili. Ikishindikana tena, mtafute mzee mnayemheshimu wote wawili, awe wa kanisani au wa ukoo, mkae watatu. Baada ya hapo yupo balozi wa nyumba kumi, yupo mwenyekiti wa kitongoji. Baraza la Kata nalo, kwa Sheria ya Mabaraza ya Kata ya mwaka 1985, kazi yake ya kwanza ni kutunza amani na kusuluhisha, kwa hiyo anayelikimbilia kama rungu la kumpigia mwenzake amekosea mlango. Kwenda huko si aibu ikiwa umepita njia zote. Lakini mwambie jirani kabla hujaenda. Barua ya wito inayomkuta mtu hajui lolote hukata kitu ambacho hukumu haiwezi kukiunga.

Lipo jambo moja ambalo sitalisema kwa upole. Wapo watu ambao, baada ya kunung'unika mwaka mzima, hutupa nyama yenye sumu juu ya uzio. Hilo ni kosa la jinai, na ni unyama. Mbwa hufa kwa mateso marefu, mbele ya watoto waliomlea. Kuku hudonoa mabaki. Mtoto mdogo huokota chochote. Na mwenye mbwa hata asipokuwa na ushahidi, atajua, na watoto wake watajua. Hao ndio majirani watakaoitwa siku ukifiwa, waje na mikungu ya ndizi na kuni, wachimbe kaburi, walale sebuleni kwako. Utawatazama kwa jicho gani?

Mkishapatana, usikae kimya. Watu hukumbuka kulalamika na kusahau kushukuru. Baada ya wiki mbili pita tena, sema kwamba sasa mnalala. Ukipika ndizi mbalaga, peleka sahani. Mbwa naye mzoee, umwite kwa jina lake akikusogelea uani, kwa maana mbwa anayekujua hana haja ya kukubwekea. Na usiku atakapobweka kwa sauti ambayo si ile ya siku zote, na parachichi zimekomaa, pengine ni mwizi: usivute blanketi. Chukua tochi, toka, umwite jirani yako kwa jina.