Amana Yenye Funguo Tatu

Ndugu Waislamu, katika aya ya 282 ya Suratul-Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Mola wetu ametuamrisha kuandika deni na kulishuhudisha. Kuandika huko wengi wetu twakudharau, na khasa wenye kuweka mali katika bitcoin. Kuwa sarafu hiyo yafaa au haifai, wanazuoni wamekhitilafiana, nasi hatuingii humo leo. Neno letu ni juu ya mali iliyokwisha wekwa, ambayo kesho huenda ikawa ya mayatima.

Watu watatu huweka mali katika pochi ya saini nyingi: funguo ni tatu, na mali haitoki ila kwa saini za wawili. Ni mpango mzuri, kwani mmoja hawezi kukhini peke yake, wala mmoja akifa mali haipotei. Lakini wengi hudhani kwamba aliye na maneno ya siri ya funguo mbili (huwa 12 au 24 kwa kila ufunguo) amekwisha pata kila kitu. Sivyo! Anwani za pochi hutengenezwa kwa funguo za wazi zote tatu pamoja. Ukipotea ufunguo wa wazi wa yule wa tatu, na anwani haijapata kutolewa kitu, wale wawili hawataweza kuifungua, hali siri zao wanazo mikononi. Basi kila mmoja awe na waraka wenye funguo za wazi zote tatu, njia iliyotumiwa kuzitoa, na idadi ya saini zinazotakiwa. Waraka huo hauwezi kutoa mali, ila hufichua kiasi kilichomo, usitandazwe ovyo.

Siku ya kuirejesha mali ikifika, wasifanye pupa. Kwanza waijenge pochi kwa waraka ule pasi na ufunguo wa siri wowote, watazame kama mali yaonekana. Kisha kila mmoja atie saini katika chombo chake mwenyewe, akiisha soma juu ya kioo chake anwani ya mali iendako. Na waanze kwa kiasi kidogo. Maneno ya siri yasikusanywe kwa mtu mmoja, hata akiwa ni imamu. Na yule ajaye kwa simu akidai kuwa atawarejesheeni mali, akataka maneno hayo au ujira kabla, huyo ni mwizi.

Kwa upande wa Ethereum, pochi kama hii ni programu, na programu ina ila zake. Novemba 2017 mtu mmoja aliifuta programu iliyotegemewa na pochi za Parity, zikafungika etha zaidi ya 500,000: funguo wanazo, mali hawaipati.

Katika wasia yaandikwe majina ya wenye funguo na mahali waraka ulipo. Maneno ya siri yasiandikwe humo, maana wasia husomwa mbele ya watu.