Neno la Padre: Mawakili



Sisi tuliolelewa na Kitabu cha Sala cha zamani twakumbuka ya kuwa Waraka wa Jumapili ya tatu ya Majilio ni ule wa Mtume Paulo kwa Wakorintho, wa kwanza, mlango wa nne, aya tano za mwanzo. Paulo awaambia Wakorintho wamhesabu yeye na wenzake kuwa watumishi wa Kristo na mawakili wa siri za Mungu. Kisha aeleza kwamba jambo moja tu latakiwa kwa wakili, nalo ni uaminifu.

Nilipokuwa mtoto nilisikia neno hilo kanisani nikashangaa. Wakili niliyemjua mimi alikuwa yule bwana wa mjini mwenye joho jeusi, ambaye babu yangu aliuza ng'ombe wawili ili amsemee katika kesi ya shamba. (Kesi tulishindwa, na ng'ombe hawakurudi.) Baadaye padre wetu akanieleza kwamba wakili wa Biblia ni msimamizi, mtu aliyekabidhiwa mali isiyo yake. Basi kwa miaka mingi nikadhani ni maneno mawili yaliyofanana kwa bahati tu. Sasa nimekuwa mzee, naona lugha yetu ilikuwa na akili kuliko mimi. Ni neno moja. Mtu asimamaye mbele ya jaji kumsemea mwenzake amekabidhiwa kitu kisicho chake: shamba la mwingine, jina la mwingine, pengine uhai wa mwingine. Naye akitoka mahakamani aenda nyumbani kwake kulala, ila mwenye shauri hana mahali pa kulala ikiwa wakili wake alikuwa mvivu.

Nataka niwasimulie habari za wakili mmoja wa Kanada. Simleti kwenu kama mtakatifu wa kalenda. Namleta kama wakili.

Jina lake ni Thomas Berger. Alizaliwa mwaka 1933 katika mji wa Victoria, upande wa magharibi wa nchi ile, jimbo la British Columbia, naye akaanza uwakili mwaka 1957. Hakuwa amekaa sana katika kazi hiyo walipomjia watu wa Nanaimo, wenyeji wa asili wa huko, wale tuliofundishwa shuleni kuwaita Wahindi Wekundu. Wawili kati yao walikuwa wameshitakiwa mwaka 1963 kwa kukutwa na kulungu waliowawinda katika majira yaliyokatazwa. Ni kesi ndogo. Wakili mwingine angaliwaambia walipe faini waende zao. Lakini wazee walisema kwamba babu zao walipewa ahadi ya kuendelea kuwinda kama desturi yao katika ardhi isiyokaliwa na watu. Berger akaamini kwamba wazee hawasemi bure, naye akasimamia shauri kwa karatasi ya mwaka 1854 iliyotunzwa na Serikali: alama za misalaba za wazee zimo, lakini mahali pa juu palipopasa kuandikwa maneno ya mapatano ni peupe! Hata hivyo mahakama ya rufani ilikubali mwaka 1964 kwamba ile ilikuwa ahadi ya kweli, na mahakama ya juu kabisa ya Kanada ikathibitisha mwaka 1965.

Habari hiyo ikafika kaskazini, katika bonde la mto Nass, kwa watu waitwao Wanisga'a. Hapa nawaombeni mtulie kidogo, kwa kuwa hawa ni ndugu zetu kwa njia ya karibu. Wamishenari wa CMS, chama kile kile kilichomtuma Krapf Mombasa mwaka 1844, walifika katika bonde lile miaka ya 1860, na Wanisga'a wengi wakawa Waanglikana. Kiongozi wao, Frank Calder, alisoma katika chuo chetu cha theolojia huko Vancouver kabla ya kuingia katika Baraza la kutunga sheria la jimbo mwaka 1949. (Wala tusijisifu upesi. Kanisa letu huko ndilo pia lililoendesha shule za bweni ambamo watoto wa wenyeji walitengwa na wazazi wao na lugha zao. Askofu Mkuu Michael Peers aliwaomba radhi tarehe 6 Agosti 1993, na hakuwa na jambo dogo la kuombea radhi.)

Wanisga'a hawakuuza ardhi yao, wala hawakushindwa vitani, wala hawakutia sahihi mapatano yo yote. Siku moja waliona tu wapimaji wakipiga vigingi. Mwaka 1887 wazee wao walisafiri mpaka Victoria kuuliza jambo hilo, wakarudishwa mikono mitupu. Mwaka 1913 wakapeleka maombi yao London kwa Mfalme katika Baraza lake. Kisha mwaka 1927 Bunge la Kanada likapitisha sheria ya kukataza mtu ye yote asichange wala kuchangisha fedha kwa ajili ya madai ya ardhi ya wenyeji, isipokuwa kwa ruhusa ya Serikali. Yaani kumwajiri wakili kulikuwa kosa. Sheria hiyo ilidumu mpaka mwaka 1951. Nilipoisoma niliweka kitabu chini. Mtu anaweza kunyang'anywa shamba na bado akatumaini. Lakini ukimnyang'anya na mtu wa kumsemea, umetaka anyamaze milele.

Basi mwaka 1967 Calder na wenzake wakafungua kesi, na Berger ndiye wakili wao. Mwaka 1969 ikasikilizwa Vancouver. Wazee wa Nisga'a walisimama kizimbani mmoja mmoja, wakaeleza mito yao na mahali pa kuvulia samaki. Wakashindwa. Wakakata rufani, nako mwaka 1970 wakashindwa tena, na jaji mkuu wa mahakama ile akaandika kwamba Wanisga'a, Wazungu walipowafikia, walikuwa watu duni sana wenye taratibu chache tu za watu waliostaarabika, kwa hiyo hawakuweza kuwa na haki juu ya ardhi. Hebu fikirini wazee wale wakisomewa hayo! Berger akaenda nao Ottawa, kwenye mahakama ya juu kabisa. Majaji saba waliwasikiliza mwishoni mwa mwaka 1971. Muda mfupi baadaye yeye mwenyewe aliteuliwa kuwa jaji huko kwao, hivyo hukumu ilipotoka tarehe 31 Januari 1973 hakuwa tena wakili wa mtu.

Hukumu ilikuwa hivi. Majaji watatu walisema haki ya Wanisga'a juu ya ardhi yao iko hai. Watatu wakasema ilikuwapo, lakini serikali ya wakoloni iliifuta. Wa saba hakusema neno juu ya ardhi; alisema tu kwamba wadai hawakupata kwanza ruhusa ya serikali ya jimbo ili waishitaki, kwa hiyo kesi yao itupwe. Wanne kwa watatu. Wakashindwa mara ya tatu.

Lakini mwaona lililotokea? Majaji sita kati ya saba walikuwa wamekiri kwamba kabla ya Mzungu kufika ardhi ilikuwa na wenyewe, na kwamba sheria yenyewe yaitambua haki hiyo. Serikali ya Kanada, iliyokuwa imekataa habari hiyo, ikabadili mwendo wake mwaka ule ule ikakubali kuzungumza na wenyeji. Mazungumzo yakaendelea miaka na miaka. Mapatano ya Wanisga'a yalianza kutumika tarehe 11 Mei 2000, nayo yakawapa kama kilometa za mraba 2,000 na mamlaka ya kujitawala katika mambo yao. Ni sehemu ndogo tu ya ardhi waliyodai, na wako Wanisga'a walionung'unika, nami siwalaumu. Tangu 1887 mpaka 2000 ni miaka 113.

Habari nyingine za Berger nazipita upesi, ingawa zatosha kitabu. Alipokuwa jaji, Serikali ilimtuma mwaka 1974 achunguze mpango wa kupitisha bomba la gesi katika bonde la mto Mackenzie, kaskazini kabisa. Wenye makampuni walidhani atakaa mjini asome makaratasi. Yeye alikwenda katika vijiji na miji 35, akawasikiliza kama mashahidi elfu moja, wawindaji na akina mama, kila mtu kwa lugha yake. Mwaka 1977 akashauri bomba lisijengwe kwa miaka kumi, mpaka madai ya wenyeji yatengenezwe. Mwaka 1981 alisema hadharani kwamba katiba mpya yawasahau wenyeji. Akalaumiwa na baraza la majaji kwa kusema mambo ya siasa, naye mwaka 1983 akauacha ujaji, akarudi kuwa wakili akiwa na miaka hamsini. Mwaka 2013 alikuwa miongoni mwa mawakili wa Wametis wa Manitoba, waliopata hukumu juu ya ardhi waliyoahidiwa watoto wao mwaka 1870. Mwaka 2017, akiwa na umri wa zaidi ya miaka themanini, alisimama tena Ottawa kwa ajili ya wenyeji wa Yukon na bonde lao la mto Peel, wakashinda. Alifariki mwaka 2021.

Sasa turudi kwa Paulo. Baada ya kusema habari za uaminifu, aongeza kwamba kwake ni jambo dogo kuhukumiwa na binadamu, maana amhukumuye ni Bwana. Tena atuonya tusitoe hukumu kabla ya wakati, mpaka ajapo Bwana. Zamani nilidhani maneno haya ni ya mtu mwenye kiburi. Siku hizi naona ni maneno ya mtu aliyewahi kushindwa kesi. Mahakama husema nani ameshinda leo. Paulo hatuambii kwamba wakili atakiwa ashinde.

Nami sina budi kuwaambieni kwa nini habari hii imenishika. Mwezi wa Julai mama mmoja, mjane wa mtaa huu, alikuja nyumbani kwangu. Shemeji zake wameng'oa masale ya mpaka, wanasema shamba ni la ukoo wala marehemu hakupewa. Alitaka niende naye kwenye baraza la ardhi. Nilimwambia nitamwombea, na kweli nilimwombea. Lakini mpaka ule naujua. Nilikuwapo siku marehemu baba mkwe wake alipougawa, nilikula chakula chao, nilibariki mbegu zao. Nilinyamaza kwa kuwa shemeji zake nao ni watu wa kanisa hili, na wawili wao ni wepesi wa kutoa kila tuezekapo paa. Mama yule aliondoka bila kunilaumu. Alisema tu, "Asante, Baba," akachukua mwavuli wake.

Juma lililopita nilikwenda kwake kumwomba radhi. Kisha nikaenda kwa shemeji zake, nikawaambia uso kwa uso kwamba nitasema niliyoyaona, sitazidisha wala sitapunguza, na kwamba mkate wa Bwana wataupokea mkononi mwangu kama siku zote. Mmoja alinitolea kiti. Wengine hawakusema neno.

Shauri litasikilizwa Alhamisi ya juma la tatu la Majilio, saa tatu asubuhi. Siku hiyo Misa itakuwa saa kumi na moja alfajiri badala ya saa kumi na mbili, ili tuwahi basi la kwanza. Wazee wawili waliokuwapo siku ile ya kugawa shamba bado wako hai, nao wajijua. Nauli yao nitalipa mimi.