Aibu ya Paa

Msomaji, ukisimama Adams Arcade, kando ya barabara ya Ngong, huna haja ya kwenda mbali ili ujifunze habari za mapaa. Karibu na maduka hayo ni Woodley, mtaa uliojengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya Wazungu, ambao nyumba zake zilikuwa za mawe na kuezekwa vigae. Tembea kitambo kidogo, nawe utafika Kibera, ambako bati hugusa bati, na mengi yamekwisha kuliwa na kutu.

Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa akishuka hapo Adams kila jioni pamoja na wenzake. Alijifanya anamngoja mtu, na wenzake walipotoweka ndipo aliposhika njia ya Kibera. Nilipomwuliza sababu alinijibu, "Mwalimu, wakiliona paa letu, hawatanisikiliza tena." Siku ile nilikosa jibu, nikasema maneno ya juujuu tu.

Je, paa laweza kumwaibisha mtu? Hebu tulitazame bati lenyewe. Henry Robinson Palmer aliandikisha uvumbuzi wake wa bati la mikunjo huko London mwaka 1829. Nairobi ilipoanza mwaka 1899 pamoja na reli, ilikuwa mji wa mabati, na maofisa walilala chini yake bila ya kujificha. Katika miaka ya 1960 wanawake wa nchi ya Wakikuyu waliungana katika vikundi, wakachanga fedha, wakaezekeana nyumba zao mabati kwa zamu. Bati likawa fahari, nyasi zikawa aibu. Ingawa paa la nyasi, lenye mteremko mkali uliotiririsha maji upesi, na lililokaushwa kwa moshi wa jikoni uliofukuza wadudu, lilikuwa baridi mchana na kimya wakati wa mvua. (Mimi nimefundisha chini ya bati. Mvua ikinyesha, mwalimu hana budi kunyamaza.) Bati ni lile lile, kilichohama ni aibu.

Lakini nisikudanganye kwa hoja hiyo. Paa livujalo lavuja, na daftari lililolowa halisomeki. Kama pana aibu hapo, yatupasa kuuliza ni ya nani. Wakazi wengi wa Kibera ni wapangaji. Wazazi wa kijana yule walilipa kodi kila mwezi. Aliyeipokea hakuishi huko, wala hakubadili hata bati moja. Naye, nadhani, alipita Adams bila ya kujifanya anamngoja mtu. Deni lilikuwa lake, lakini aliyeona haya ni mtoto wa mpangaji.

Liko na deni la pili, ambalo halihitaji fedha. Kijana yule hakunilalamikia mvua. Alichoogopa ni kutosikilizwa, na hilo hakuna fundi wa mabati awezaye kulitengeneza. Deni hilo ni la wale walioshuka naye pale kituoni, na pengine, msomaji, wewe u mmoja wao.