Haki ya Mtoto Aliyetoka Hospitali

Mtoto mdogo akiugua sana, nyumba nzima huamka. Baba huuza mbuzi au hukopa nauli, mama hukesha, majirani huja na pole zao, na asiye na cha kutoa hutoa dua. Siku daktari anaposema kuwa mtoto aweza kurudi nyumbani, vigelegele hupigwa, kisha kila mtu hushika njia ya kazi yake. Desturi hii ni ya kawaida. Lakini wewe usomaye, nakuomba uipime pamoja nami kwa swali moja: je, deni letu kwa mtoto yule limekwisha siku ile?

Tuanze na yaliyo hakika. Huko Kilifi, katika mwambao wa Kenya, watafiti walifuata habari za watoto 10,277 waliolazwa hospitali na kuruhusiwa kurudi kwao kati ya mwaka 2004 na 2008. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Kabla ya mwaka mmoja kupita tangu kutoka hospitali, watoto 535 walikuwa wamefariki. Hatari ya kifo juu yao ilikaribia kuwa mara 8 ya ile iliyowakabili watoto wengine wa mahali pale pale. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2022, ulihusu watoto wachanga na wadogo walio chini ya miaka 2 katika nchi 6 za Afrika na Asia, Kenya ikiwa mojawapo. Humo nako, karibu nusu ya vifo vilitokea baada ya mtoto kuruhusiwa kwenda kwao. Watoto hawa hawakuwa wametupwa. Walikuwa wametibiwa, na wazazi wao walikuwa wamekwisha kushukuru.

Sababu yake haina muujiza ndani yake. Kichomi, malaria kali, kuhara, au vijidudu vilivyoingia katika damu huunguza mwili wa mtoto kama moto uunguzavyo nyumba. Dawa huzima moto, lakini paa lililoungua halijiezeki lenyewe. Mtoto hutoka hospitali amekonda, pengine amepungukiwa na damu, hana hamu ya chakula, na nguvu zake za kupambana na maradhi zimechoka. Ugonjwa wa pili ukija, humkuta hana ngao.

Ngao hiyo hutengenezwa kwa vitu vidogo. Mtoto amalize dawa zake hata akionekana mzima. Anyonyeshwe kila atakapo. Apewe mlo mmoja zaidi kila siku kwa muda wa majuma 2 au kupita hapo, uji mzito ukitiwa maziwa, njugu au mafuta, kidogo kidogo na mara nyingi. Alale ndani ya chandarua, anywe maji yaliyochemshwa, na anayemlisha anawe mikono kwa sabuni. Arudishwe kliniki siku iliyoandikwa, na chanjo iliyompita akiwa kitandani aipate. Akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akishikwa na degedege, akizubaa, au akipumua kwa shida, asingojewe mpaka asubuhi, bali apelekwe hospitali saa ile ile.

Ikiwa mambo haya ni madogo, mbona hutushinda? Nadhani ni kwa kuwa huruma ni ya namna mbili. Ipo huruma ya siku moja, ambayo huamshwa na kilio na kutulizwa na kimya. Ipo na huruma ya siku nyingi, ambayo haingoji kilio. Ya kwanza hupata sifa, maana watu huiona. Ya pili hukaa jikoni ikikoroga uji, na hakuna ampigiaye vigelegele mtu aliyekoroga uji siku ya kumi na mbili. Wahenga walisema kuwa mgonjwa haulizwi uji. Naongeza kuwa aliyepona jana bado ni mgonjwa wa leo. Asiulizwe, wala asilazimishwe, bali abembelezwe.

Hapa huzuka swali gumu zaidi, na huenda umewahi kulishuhudia nyumbani kwenu. Yai ni moja na watoto ni wanne. Mama akimpa yule aliyetoka hospitali, wale watatu hununa na kusema kuwa wameonewa. Je, wameonewa? Kama haki maana yake ni kila mtu kupata kipande sawa, basi wameonewa. Lakini mwalimu hamweki mwanafunzi asiyeona vizuri nyuma ya darasa ili apate umbali sawa na wenzake. Haki hutazama haja kabla ya kutazama kipimo. Wale watatu hawakunyimwa kilicho chao. Wameombwa kungoja ili ndugu yao awafikie. Siku mmoja wao atakapougua, yai litakuwa lake.

Wapo pia watoto ambao maradhi huwaachia alama isiyoonekana. Homa ya uti wa mgongo yaweza kumwondolea mtoto uwezo wa kusikia. Huitwa asigeuke, hutumwa asiende, na watu wepesi wa kuhukumu humwita mkaidi na kumchapa. Ndiyo sababu masikio yake yapasa kupimwa mapema baada ya ugonjwa huo. Fikiri uchungu wa mtoto aliyeokoka kifo, kisha akaadhibiwa kwa jeraha alilolipata huko.

Lakini tusifanye wajibu huu kuwa fimbo ya kumpigia mama. Huenda kliniki i mbali, shamba linamngoja, na fedha zote zilikwisha hospitali. Kumlaumu ni rahisi, na hakumshibishi mtoto. Mzigo uliobebwa na wengi siku ya hatari haufai kuachiwa mtu mmoja siku ya nafuu.

Wewe uliye mwanafunzi huenda ukasema kuwa huna mali wala mamlaka. Unajua kusoma. Soma maandishi ya kadi ya kliniki, uwakumbushe wazee tarehe. Teka maji, umshike mtoto mama apate kupika, cheza naye, maana mchezo na mazungumzo hurudisha akili na furaha iliyofifia. Mtoto huyo hataweza kukumbuka wala kukushukuru. Kwa sababu hiyo hiyo wema huo ni safi, kwani haukufanywa kwa kutumaini malipo. Kumtoa mtoto katika kinywa cha kifo ni jambo kubwa. Kumlinda asirudi humo ni jambo la kila siku, na watu wengi wanaliweza.