Mchoraji kahamia Madaba



Tuseme kijana mchoraji ameshuka kwenye basi Madaba, barabara ile ya Njombe kwenda Songea, na begi lake la brashi. Mwenye nyumba anamuuliza: “Unafanya kazi gani, mwanangu?” “Mchoraji, mama.” “Sawa, na kazi?” Mwezi mzima anaandika bango la kinyozi na bei za chipsi, moyoni anaona amejishusha.

Sasa fungua Kutoka 31. Mungu anamwita Bezaleli kwa jina, anamjaza Roho wake. Ili ahubiri? Hapana. Achonge mbao, afue dhahabu, akate vito. Na kazi yenyewe ni hema, jamani, tena jangwani, kwa watu walio safarini! Sura ya 36 ndiyo inanigusa zaidi: watu wale wale waliozoea kunung'unika walileta vitu vingi mpaka Musa akawazuia. Kwa hiyo usiharakishe kusema watu wa mji mdogo hawaelewi sanaa. Umewaomba nini mpaka sasa?

Mtakatifu Thoma wa Akwino ni mkali kidogo hapa: fundi, kama fundi, husifiwa kwa ubora wa kazi yake, siyo kwa nia yake njema. Rozari hainyooshi herufi iliyopinda. (Isali, lakini shika na rula.) Bango la kinyozi linasomwa na kila apitaye, liandike vizuri. Halafu Jumapili mfuate paroko, muulize ukuta gani unahitaji rangi, na umchukue kijana mmoja wa jirani akashike kopo. Bezaleli naye alipewa Oholiabu.