Nani Anasali Santuri Inapozunguka?

Katika mafundisho ya kale ya Kanisa Katoliki, na vivyo hivyo katika sehemu kubwa ya falsafa ya dini, sala huhesabiwa kuwa tendo, yaani jambo linalotendwa na mtu mwenye nia, kwa wakati wake, akimwelekea Mungu, nalo likishatendwa limekwisha hata kama matunda yake yanadumu. Ufafanuzi huo ulitosha kwa karne nyingi, kwa kuwa hapakuwa na chombo cha kunasa sauti ya anayesali na kuitoa tena mbele ya watu wasiomjua wala kumhitaji Mungu wake. Uliingia mtihanini pale kwaya ya wavulana na walimu wao kutoka Kamina, mji wa reli na wa kambi ya kijeshi uliokuwa wakati ule katika mkoa wa Katanga wa Kongo ya Kibelgiji, iliporekodi misa mwaka 1958, na sehemu moja ya misa hiyo ikaja kufika nafasi ya 28 katika orodha ya nyimbo zilizouzwa zaidi Uingereza mwaka 1969, ikigombea wanunuzi na nyimbo za mapenzi na za dansi. Swali linalozaliwa hapo ni jepesi kuliuliza na gumu kulijibu: santuri ile ilipozunguka chumbani mwa kijana wa London, kuna mtu aliyekuwa anasali?

Kundi hilo lilianzishwa na padri Mbelgiji wa shirika la Wafransisko, Guido Haazen, aliyefika Kamina mwaka 1953, nalo likaitwa Les Troubadours du Roi Baudouin, yaani waimbaji wa Mfalme Baudouin, aliyetawala Ubelgiji pamoja na Kongo kwa wakati huo. Lilikuwa na wavulana wapatao 45, wa umri wa miaka 9 hadi 14, pamoja na walimu wapatao 15, na aliyesimama mbele yao kama mwimbaji wa pekee alikuwa Joachim Ngoi, ambaye sauti yake ya tena ndiyo inayobaki masikioni mwa wengi waliowahi kuisikia santuri hiyo. Misa yao, Missa Luba, iliadhimishwa kwa mara ya kwanza mjini Kamina tarehe 23 Machi 1958, kisha kundi likasafiri Ulaya mwaka huohuo, likaimba katika Maonyesho ya Dunia ya Brussels, na kampuni ya Philips ikairekodi.

Namna misa hiyo ilivyotungwa ina uzito katika hoja hii kuliko safari zote, maana haikuandikwa kwa nota kabla ya kuimbwa. Waimbaji walikubaliana juu ya mkondo wa wimbo, mapigo, na zamu za sauti, kisha wakajazia palepale, kila safu ya sauti ikiisikiliza nyingine, huku maneno yakibaki yaleyale ya misa ya Kilatini yaliyoimbwa wakati ule katika makanisa ya Kikatoliki ya mabara yote. Kyrie, ombi la kuhurumiwa linaloimbwa mwanzoni mwa misa, ilifuata mtindo wa kasala, ghani ya Waluba ambayo kwayo wafu hutajwa kwa sifa zao na kuliliwa. Sanctus, wimbo wa sifa unaoimbwa kabla ya mkate na divai kuwekwa wakfu, ilitoka katika wimbo wa Kiluba wa kuagana, nayo huanza taratibu, sauti nyembamba za wavulana zikikaa juu ya sauti nzito za watu wazima, mpaka inapofika Hosana na ngoma kubadili mapigo kuwa ya dansi ya eneo la Kasai, ambapo uimbaji uliokuwa ukitembea unaanza kukimbia bila mtu kusikia ulipoanzia kukimbia.

Wanaolalamika kwamba wimbo wa altare ulishushwa sokoni husahau hatua hiyo ya awali. Kabla ya kuwa Sanctus, wimbo ulikuwa wa watu wanaoagana, na aliyeambiwa maneno yake alikuwa binadamu anayeondoka. Kamina ikamgeuza mwambiwa, ikamweka Mungu mahali pa msafiri, na hakuna aliyesema kwamba wimbo umenajisiwa. Kama wimbo waweza kuhama kutoka kwenye kuaga hadi kwenye kuabudu pasipo kuharibika, basi kuhama kwake kutoka kwenye kuabudu hadi kwenye burudani hakuwezi kulaumiwa kwa sababu ya kuhama peke yake, na atakayetaka kulaumu hana budi kutafuta hoja nyingine.

Hoja hiyo wengine wameitafuta kwa Augustino wa Hippo, ambaye katika kitabu cha 10 cha Maungamo yake alikiri wasiwasi kuhusu raha ya masikio, akahesabu kuwa ni kosa pale uimbaji unapomgusa mtu kuliko kile kinachoimbwa, ingawa mwishowe alielekea kuikubali desturi ya kuimba kanisani. Lakini Augustino alimchunguza msikilizaji, na swali la santuri linamhusu kwanza mwimbaji. Kwa upande huo Thomas wa Akwino anafaa zaidi, maana alipojadili kama sala inahitaji mtu awe makini toka mwanzo hadi mwisho, alitofautisha umakini wa aina tatu: wa kutamka maneno bila kukosea, wa kufuata maana ya maneno, na wa kumwelekea Mungu mwenyewe, akasema kwamba huu wa tatu ndio wa lazima kuliko yote, na kwamba hata watu wasio na elimu wanaweza kuwa nao. Aliongeza kwamba mawazo yakitangatanga katikati ya sala, ile nia ya mwanzo huendelea kuibeba. Nia ya namna hii wanateolojia wa baadaye waliiita nia inayodumu, yaani uamuzi uliofanywa mwanzoni ambao nguvu yake haikatiki hata pale mhusika asipoufikiria.

Fundisho hilo linawatosha wavulana wa Kamina vizuri ajabu. Mtoto wa miaka 9 aliyeimba Kilatini ambacho hakukisema nyumbani, aliyesimama pale kwa sababu mwalimu amemwamuru na kwa sababu kwaya ilileta safari na sifa, huenda hakuwa na umakini wa aina ya pili hata kidogo, na bado sala yake ingeweza kuwa kamili. Je, nia inayodumu inaweza kudumu hadi ndani ya santuri? Jibu la Thomas lingekuwa hapana, kwa sababu nia ya mwanzo hubeba tendo lililoanzishwa nayo mpaka tendo lenyewe liishe, na tendo la wavulana wale lilikwisha siku walipofunga midomo mbele ya kinasa sauti. Kinachosikika baada ya hapo ni alama ya tendo, jinsi unyayo ulivyo alama ya mtu aliyekwisha kupita.

Kanisa lenyewe lilifikia uamuzi unaofanana na huo mwaka uleule wa 1958. Tarehe 3 Septemba, Idara ya Ibada mjini Roma ilitoa maagizo juu ya muziki mtakatifu, na humo ikapiga marufuku gramafoni, redio, na vinasa sauti katika ibada, hata pale vinapotumika kupeleka mahubiri au kushika nafasi ya waimbaji. Kwa hiyo sauti za Kamina, ambazo mwezi Machi ziliadhimisha misa halali, hazingeruhusiwa kuadhimisha hata moja kwa njia ya santuri yao wenyewe. Marufuku hayo yanaweza kuonekana kuwa ukaidi wa wazee dhidi ya mashine, lakini yalilinda jambo la msingi: mashine haina nia, na pasipo nia hakuna anayesali, hata sauti ikiwa nzuri kiasi gani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipoagiza mwaka 1963 kwamba muziki wa asili wa watu wa nchi za misheni upewe heshima inayoustahili, njia iliyoishia katika misale ya Zaire (jina la Kongo wakati huo) iliyoidhinishwa mwaka 1988, waliofunguliwa mlango walikuwa watu wanaoimba kwa midomo yao.

Kuna ugumu mwingine, nao unatokana na uimbaji wa sauti nyingi wenyewe. Katika muziki wa namna hii hakuna mwimbaji hata mmoja anayeuimba mwafaka unaosikika. Soprano ana noti yake, besi ana yake, na kile kinachomgusa msikilizaji kipo kati yao na si mali ya yeyote. Kwa hiyo ni vigumu kusema tendo ni la nani. Mjini Élisabethville, Katanga, ambao tangu mwaka 1966 unaitwa Lubumbashi, njia za kumtambua mtendaji zilikuwa zaidi ya moja. Joseph Kiwele, mtunzi wa Missa Katanga, aliandika kwa nota na jina lake likajulikana, akatunga pia wimbo wa taifa wa Katanga iliyojitenga mwaka 1960, ambako alikuwa waziri wa elimu, na hivyo ufundi uleule wa kupanga sauti ukatumikia altare na bendera. Kundi la Jecoke, ambalo Edouard Masengo aliwahi kuimba nalo, lilichanganya sauti na vichekesho kwa ajili ya watu wa mitaani, na watu wakawajua wachekeshaji wao kwa sura. Wavulana wa Kamina hawakupata hili wala lile. Orodha ya mauzo ya mwaka 1969 iliwataja kwa jina la mfalme ambaye nchi yao ilikuwa imekwisha kuachana naye kwa miaka 9, na waliokuwa watoto wakati wa kurekodi walikuwa sasa watu wazima. Hapa ndipo lawama yenye uzito inapopatikana: Mungu hakupungukiwa na kitu kwa santuri kuuzwa, ila tendo la watu wengi, lililotungwa na wengi palepale, lilisambazwa duniani kama kwamba halikuwa na watendaji.

Kilichoipandisha Sanctus sokoni ni filamu. Lindsay Anderson aliitumia katika filamu yake ya mwaka 1968, If...., ambamo mwanafunzi mwasi wa shule ya bweni ya Kiingereza huipiga santuri hiyo tena na tena, naye hasali. Pier Paolo Pasolini, asiyekuwa mwamini, alikuwa ametangulia kuiweka Gloria, yaani wimbo wa utukufu, ya misa hiyohiyo katika filamu yake ya mwaka 1964 kuhusu Injili ya Mathayo. Kwa kipimo cha nia, chumba cha mwanafunzi yule na filamu ya Pasolini viko sawa.

Hali inaweza kuwa tofauti kwa msikilizaji wa leo huko Kasumbalesa, mji wa mpakani ulio takriban kilomita 90 kutoka Lubumbashi, ambako malori yanayobeba shaba na kobalti kuelekea Zambia hupanga foleni ndefu na nyimbo za sifa husikika kutoka kwenye simu na redio za magari, za Kiswahili zikipokezana na za Kibemba. Dereva anayesikiliza tu hayuko mbali na kijana wa London. Lakini aliyekulia katika korale, yaani kwaya ya kanisa, ambako sauti hufundishwa safu kwa safu, soprano wakishika yao kabla ya alto, tena na besi kuitwa, hawezi kukaa kimya kwa muda mrefu: ataitafuta safu yake ya sauti ndani ya wimbo na kuiingiza. Papo hapo tendo jipya linaanza, lenye mtu na nia yake, ingawa wenzake katika mwafaka huo ni sauti za watu waliokwisha kunyamaza. Maagizo ya mwaka 1958 yalihusu ibada, hayakumgusa mtu wa namna hiyo, anayeimba barabarani pamoja na mashine bila kuiachia nafasi yake. Mwimbaji huyo aweza kuwa ameanza kwa mazoea tu, au kwa kuchoshwa na foleni, na kwa kipimo cha Thomas hilo halitoshi kuwa sala mpaka ageuze nia yake. Ila akiigeuza, hata kwenye ubeti wa mwisho, hakuna sehemu ya tendo hilo inayokosekana.